Matairi ya bei nafuu kwa Datsun 240Z: yapi ya kununua Mwanza, yapi ya kuyaacha dukani

Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani la mwanzoni mwa miaka ya 1970, inayotolewa bandani mwisho wa wiki, ikazunguka Capri Point, ikafika Usagara na kurudi, ni nadra kufikisha kilomita 3,000 kwa mwaka. Kwa mwendo huo kashata za tairi jipya hazitaisha ndani ya miaka 6. Mpira utakuwa umekauka kwanza. Mwanza iko digrii 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua lake halina huruma na gari linalolala nje. Ndiyo maana tunapima tairi kwa tarehe ya kutengenezwa, halafu saizi, halafu bei. Muuzaji ataanza na bei, kisha "kashata bado nene hii, bosi."

Gari hili ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, na bado lina wapenzi ukanda huu. Saizi yake ya kiwandani ni 175HR14 (upana wa milimita 175, rimu ya kipenyo cha inchi 14), juu ya rimu ya chuma ya 4.5J, yaani upana wa inchi 4.5, na baadaye 5J. Ile 175 isiyofuatwa na namba ya pili ina maana ya ubavu mrefu, karibu asilimia 80 ya upana wa tairi. Kwa magari madogo ya leo saizi hiyo imepitwa, na hapo ndipo wenye gari wanapoanza kukosea.

Kosa la kwanza, na ndilo baya kuliko yote, ni 185R14C. Muuzaji anaona "R14", anaona ubavu mrefu, anakuletea tairi la Hiace. Kimo kinakaribiana kweli, na bei si mbaya. Lakini ile C ni ya gari la mizigo: tairi la 8PR (nguvu ya tabaka 8) lenye alama ya uzito 102/100 linabeba kilo 850 kila moja, wakati 240Z nzima ina uzito wa tani 1 na kidogo. Ubavu wake ni mgumu kwa sababu umetengenezwa kujazwa upepo wa psi 65. Ukilijaza psi 28 kwenye gari jepesi halikunjiki vizuri, uso wake haukai sawasawa barabarani, na mpira wake mgumu unateleza kwenye lami iliyolowa. Mvua za kwanza za vuli, zinapokuta vumbi na oili ya miezi mitatu juu ya lami, zitakuonyesha hilo kwenye mteremko wa kwanza kutoka Bugando. Tairi hilo mwachie mwenye Hiace.

Kosa la pili limejificha vizuri zaidi: matairi ya theluji kutoka Japani. Magari mengi ya mtumba yanashuka bandarini yakiwa nayo, yanavuliwa, yanapangwa kando ya barabara yakiwa na kashata nene kabisa. Tazama ubavuni kama kuna neno STUDLESS au kichoro cha mlima wenye kitone cha theluji ndani yake. Majina kama Blizzak, iceGUARD na Winter Maxx yote ni ya ukoo huo. Alama ya mwendo mara nyingi ni Q, yaani mwisho kilomita 160 kwa saa. Mpira wake ni laini ili ushike barafu; kwenye lami ya saa 8 mchana unayeyuka kama samli. Kashata zake zimekatwakatwa vistari vyembamba, na kwenye kona zinayumba, hivyo usukani unakuwa kama umeunganishwa na ugali. Kwa gari lililonunuliwa kwa ajili ya kona, hiyo ni hasara tupu hata ukipewa bure.

Mtumba wa kawaida wa kiangazi je? Unaweza kufaa kwa masharti makali. Tafuta herufi DOT, kisha soma tarakimu 4 za mwisho: 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Mara nyingi namba kamili iko upande mmoja tu, na kama tairi lilifungwa upande huo ukiwa ndani, itabidi uiname chini ya gari. Zaidi ya miaka 5, achana nalo. Kunja ubavu kwa mikono miwili utazame kama kuna nyufa laini, hasa pale ubavu unapokutana na kashata na ndani ya mifereji yenyewe. Tairi linalong'aa mno limepakwa dawa, na dawa hufunika nyufa. Lifute kwa kitambaa chenye maji kabla ya kulitazama.

Halafu chungulia ndani. Ukikuta unga mweusi na mstari wa duara uliokwaruzwa kuzunguka ubavu, tairi hilo liliwahi kutembezwa likiwa halina upepo na nyuzi zake zimekufa. Kiraka kimoja katikati ya uso si kitu. Kiraka ubavuni ni sababu ya kuondoka dukani. Angalia pia kama mifereji imechongwa upya kwa kisu cha moto. Tairi zima la gari dogo lina vinundu vya TWI, vya kuonyesha kashata zimekwisha, chini ya mifereji, vya kimo cha milimita 1.6. Ukiona mfereji mrefu usio na kinundu hata kimoja, kuna mtu amepita hapo na kisu, na kilichobaki kati yako na waya ni mpira mwembamba kama ngozi ya sambusa.

Kuhusu hesabu, tuchukue mfano wa bei. Mtumba wa shilingi 60,000 unaokaa mwaka 1 na nusu unakula 40,000 kwa mwaka. Tairi jipya la 160,000 linalokaa miaka 5 linakula 32,000. Weka bei za siku hiyo, weka miaka iliyobaki hadi tairi lifikishe 6, gawanya. Mara nyingi mtumba unashindwa, na hapo hujahesabu fedha za kufungua, kufunga na kubalansi mara tatu.

Kwa hiyo chaguo letu ni 185/70R14 jipya, la kawaida kabisa; ile 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana. Ni saizi ya saluni nyingi za Kijapani za miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, na majina kama Linglong, Triangle na Westlake yanaitengeneza. Inakaa kihalali kwenye rimu ya kuanzia 4.5J hadi 6J, maana yake rimu asilia za 240Z zinaipokea bila kubanwa. Alama 88 ubavuni ni kilo 560 kwa kila tairi, zaidi ya kutosha. T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210. Ukipata H chukua H, kwa sababu kwa kawaida ujenzi wake ni imara zaidi hata kama huna mpango wa kukimbia hivyo.

Dosari yake ni kimo. Kipenyo cha 185/70R14 ni kama milimita 615, pungufu ya asilimia 3 hivi kuliko tairi la kiwandani. Spidi mita itasoma 100 wakati gari linakwenda 97, injini itazunguka kidogo zaidi kwenye gia ya mwisho, na gari litashuka karibu sentimita 1. Kwenye barabara za mawe za vilimani, sentimita hiyo utaijua kwa mlio wa ekzosi.

Anayeudhika na hayo atafute 195/70R14, yenye kipenyo cha milimita 629, karibu sana na asilia. Sharti lake ni rimu ya 5J kwenda juu. Kuibana kwenye 4.5J kunafanya uso wa tairi uvimbe katikati, uliwe katikati, na gari lielee kwenye kona. Na kwa kuwa 240Z haina pawa steringi, kila milimita ya upana utailipia kwa mabega wakati wa kuegesha. Upana wa 205 na kuendelea tunauona ni wa picha tu.

Dukani uliza pia alama za TREADWEAR (kudumu kwa kashata) na TRACTION (mshiko kwenye lami iliyolowa) zilizochapwa ubavuni. Kwa gari linalotembea kidogo, treadwear ya 300 hadi 400 ni bora kuliko 500 na zaidi: mpira laini kidogo, mshiko zaidi, na kuisha hakukuhusu. Traction iwe A. Ya B haifai kwa mji wenye miteremko hii na masika yake. Ukubwa wa jina la kampuni unakuja baada ya hapo.

Wapo wanaotaka sura ya zamani kabisa. Michelin XAS na Pirelli Cinturato CA67 bado zinatengenezwa kwa ajili ya magari ya zamani, na zinapendeza kwa kweli, ila lazima uagize, na bei ya tairi moja inaweza kukununulia seti nzima ya 185/70R14 na chenji ikabaki. Kwa gari la maonyesho sawa. Kwa gari la kwenda Magu kula samaki, hapana.

Wenye magari mengine wasijikate kwa kisu chetu. Mazda MX-5 ya kwanza ilitoka na 185/60R14. Ikikosekana, 175/65R14 inayovaliwa na vigari vidogo inazidi kimo kwa asilimia 1 tu na inakaa vizuri kwenye rimu ya 5.5J, ingawa mshiko unapungua kidogo. MGB, gari la michezo la Kiingereza, inapokea 185/70R14, lakini kwenye GT, ile yenye paa gumu, tairi la nyuma huweza kugusa bodi upande mmoja: pitisha vidole kati ya tairi na mdomo wa bodi watu wawili wakiwa wamekaa ndani. Kama ina rimu za spoku, tyubu ni lazima kwa sababu upepo unapita kwenye vichwa vya spoku, na juu ya vichwa hivyo uvishwe mkanda wa mpira. Bila mkanda, tyubu inatobolewa kutoka ndani na fundi atatafuta msumari ambao haupo. Wenye rimu za inchi 13 kazi wanayo. 175/70R13 ndiyo yenye matumaini.

Kufunga ndiko tairi zuri linakoharibiwa. Simama hapo hapo. Rimu ya chuma ya miaka 50 isuguliwe kutu pale mdomo wa tairi unapokaa, la sivyo upepo utavuja polepole na lawama itaangukia tairi. Valvu ziwe mpya zote 4. Nati za 240Z ni za milimita 12 zenye uzi wa 1.25, za Toyota ni 12 kwa 1.5. Kwa macho zinafanana kama mapacha, na fundi akishindilia ya Toyota kwa mashine ya upepo itaingia mizunguko miwili kisha itang'oa uzi wa stadi. Nati ianze kwa vidole. Ikikataa kwa vidole, si yake. Zikazwe kwa kuvuka msalaba, zimaliziwe kwa spana ya mkono yenye kipimo, kwa nguvu ya Nm 80 hadi 88, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Balansi ifanyike zote 4. Usikubali ya mbele tu. Kwenye alaimenti usishangae fundi akikuambia hakuna pa kurekebisha kuinama kwa gurudumu la mbele. Ni kweli, struti za 240Z (nguzo zinazobeba shokomzoba) hazina skrubu hiyo. Kinachorekebishwa ni magurudumu kuangalia ndani au nje tu. Tairi likiliwa upande mmoja baada ya hapo, kagua bushi kabla ya kulaumu alaimenti.

Upepo uanzie psi 28 kote, asubuhi tairi likiwa baridi. Kisha chora mstari wa chaki kukata uso wa tairi, endesha mita 200 barabara iliyonyooka, shuka utazame. Chaki ikifutika katikati tu, punguza psi 2. Ikibaki katikati na kufutika pembeni, ongeza 2. Chombo cha kupimia nunua chako. Vya vibandani vinatofautiana kama saa za ukutani.

Gari likikaa zaidi ya wiki tatu, jaza psi 36 ili tairi lisibonyee sehemu moja, na lifunikwe lisipigwe na jua. Wakataze wanaoosha gari kupaka tairi dizeli au oili chafu ili ling'ae. Mpira unavimba, unalainika, halafu unapasuka.

Mwisho funua kapeti la nyuma, toa spea uisome tarehe. Ukikuta tarakimu 3 badala ya 4, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Okoa rimu, na tairi lenyewe mpelekee mshona katambuga, ingawa naye atalalamikia waya.