Programu ya simu ya kutambua mimea: nilivyoijaribu katika Msitu wa Kakamega

Kwa mwezi mmoja nimetumia programu ya simu inayodai kutambua mmea wowote kwa picha, na niliilipia hasa kwa ajili ya okidi. Hapa nyumbani Kisumu haikunisumbua: mwarobaini, mlonge na mbono iliutaja kila mmoja bila kusita. Ilikwama Kakamega.

Upande wa Isecheno, kando ya njia, tulikuta tawi lililoangushwa na mvua ya usiku, na juu yake okidi ndogo ikiwa bado imeng'ang'ania ganda. Maua yake ya manjano yenye mistari ya kahawia hayakuzidi ukucha wa kidole cha mwisho. Nilipiga picha tatu, na mara zote tatu nikajibiwa kwamba ni Ophrys apifera, yaani okidi-nyuki.

Okidi-nyuki huota ardhini, kwenye nyasi fupi zinazopata jua, aghalabu penye udongo wa chokaa, huko Ulaya, Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Haipandi mti, wala si mmea wa Kenya. Sepali zake tatu, yaani vipande vya nje vya ua, ni za waridi, na mdomo wake wa kahawia, yaani petali moja isiyofanana na nyingine, una manyoya laini yanayomfanya nyuki dume adhani amepata jike, ingawa kule Uingereza ua hilo kwa kawaida hujichavusha lenyewe.

Kijana aliyetuongoza hakutoa simu. “Mama, tazama mdomo wa ua uko wapi,” aliniambia, akaligeuza kwa ncha ya kijiti. Mdomo ulikuwa juu, ilhali kwa okidi nyingi huwa chini, mahali pa mdudu kutua. Alama hiyo, pamoja na kuota mtini, ilitufikisha kwenye jenasi ya Polystachya. Spishi hakuitaja, nami nikamheshimu kwa kutobahatisha.

Kasoro kubwa ya programu hii ni kwamba haiulizi mmea umeota wapi. Inataka picha ya karibu, na picha ya karibu hukata tawi, ganda na kivuli, vitu ambavyo kijana yule alianza navyo. Nilipopiga picha ya mbali ili vionekane, ilinijibu kwamba huo ni mti.

Kwa mimea ya bustani inafaa. Anayetafuta okidi za Kakamega afadhali amlipe mwongozaji wa hapo hapo, tena aende baada ya mvua, matawi yanapokuwa chini. Usajili wangu unaisha Ijumaa na sitauongeza.