Noti ya mama iliishia mkononi mwa baunsa: taarabu niliyoiona Kigoma mjini

Nilisema ningoje hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika hivihivi.

Mwezi uliopita, au pengine ni wiki tano sasa, kundi la taarabu lilitoka Dar es Salaam likaja kupiga hapa Kigoma. Jina la kundi na la ukumbi nayaacha, waliokuwepo wanajua. Kiingilio kilikuwa shilingi 10,000, VIP 20,000. Nikakata mbili za 10,000, yangu na ya mama. Ukiniuliza leo kama uende wakirudi, jibu langu ni usiende.

Mama yangu ni mtu wa Ujiji na anauza dagaa mwaloni Kibirizi. Asiyeijua Ujiji atashangaa taarabu inatafuta nini huku bara, kumbe misafara ya zamani ilituletea kanzu, maulidi, Kiswahili chenyewe, na masikio ya pwani yakaja humohumo. Mama taarabu anaisikiliza redioni tangu msichana. Ya kuona kwa macho, mara ya mwisho alikuwa na mimba yangu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa miezi 3 watu wasivue, pale nyumbani tulikula kwa kuhesabu, kwa hiyo hela ya starehe kwake si kitu cha kuchezea. Lakini alitenga noti ya 2,000, ile yenye kichwa cha simba. Aliichagua katika hela za mauzo ya siku nzima, isiyochanika wala kuandikwa kalamu, akailaza chini ya godoro siku tatu ili inyooke. Hiyo ndiyo ilikuwa ya kumtunza mwimbaji, yaani kumpelekea mkononi katikati ya wimbo.

Ukumbini tulikaa viti vya plastiki, nyuma. Kati yetu na jukwaa kulikuwa na meza za VIP, na nyuma ya meza hizo, upande wetu, wamefunga kamba kuzuia njia nzima. Sikuitilia maanani ile kamba. Kundi likaanza, na walipiga kweli, siyo wale wanaokuja na flashi wakatikisa midomo. Kinanda, magitaa, ngoma, sauti, vyote vilikuwa hai. Wimbo wa tatu, mwanamama mmoja akashika maiki, akafika kwenye ubeti wa jirani anayekuchekea usoni huku kisogoni anakuchimba. Mama akanyanyuka. Hakusema neno. Ana jirani yake huko mwaloni, mimi namjua, sitamsema.

Akatoa noti kwenye pochi, akaishika juu kwa vidole viwili kila mtu aione, akaanza kwenda mbele kwa ule mwendo, hatua moja, bega, hatua nyingine, bega. Akina mama wa nyuma wakapiga vigelegele. Nilikuwa sijawahi kumuona mama yangu akitembea vile. Umri wake umepita sitini, na magoti yanamsumbua, lakini pale magoti yalisahaulika.

Alipofika kwenye kamba, baunsa akanyoosha mkono. Kijana mdogo, kama mdogo wangu wa mwisho. Hata shikamoo hakutoa. Akasema, "We mama, rudi kule, huku ni VIP."

Mama akamwambia, "Mwanangu, natunza tu, narudi."

"Lete, nitampa."

Akaichukua ile noti. Aliishika kwa ncha za vidole, akainusa, kisha akamtazama mwenzake wakacheka. Ndiyo, inanuka dagaa. Ni hela ya dagaa, na ni dagaa hao waliojaza Kigoma yote tumboni, na yeye pia kama ni mtu wa hapa. Akaikunja, ile noti iliyolala siku tatu chini ya godoro, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa suruali. Mama akasimama pale kidogo na mikono yake mitupu. Kisha akageuka akarudi kwenye kiti, safari hii anatembea kama mtu anayetoka zahanati.

Sisemi kijana aliiba. Labda alimpa mwimbaji baadaye huko nyuma ya jukwaa. Tulimtazama mpaka wimbo ukaisha, hakupanda. Lakini hata kama ilifika, hiyo siyo kutunza. Kama shida ni hela ifike tu, ningemrushia kwenye simu nikabaki nyumbani. Mtu anatunza ili aonekane akitunza, kwenye ubeti ule ule unaomchoma, na aliyekusudiwa ajue. Pale msikilizaji naye ndipo anaposema lake.

Na mwimbaji naye anajibu. Mtu akija kutunza, anamrudishia ule mstari, anaukariri mara tatu, nne, anamwangalia machoni, wapigaji wanakizungusha kibwagizo mpaka mtunzaji ashuke. Hapo ndipo wimbo unakua. Usiku ule hakuna aliyepita kamba, basi nyimbo zikaisha upesi kama zilivyo kwenye redio, ubeti, kiitikio, ubeti, tamati. Wenye meza za mbele, ambao njia yao ilikuwa wazi, wengi walikuwa na kuku na chupa, wamegeuza viti wanaongea. Wawili watatu walitunza bila kucheza, kama wanalipa bili. Nilimuona yule mwanamama akirusha macho juu ya vichwa vyao kuja huku nyuma, kwa sababu vigelegele vilitoka huku.

Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa zamani, alitoka kijiji cha Fumba, akiuza vyungu mjini Unguja. Kabla yake taarabu ilikuwa mambo ya jumba la Sultani, kwa Kiarabu, kwa walioalikwa. Yeye na wenzake ndio waliofanya ikaimbwa kwa Kiswahili, watu wa mitaani wakajisikia wamo. Mwaka 1928 alikwenda India kurekodi santuri, na santuri zile zikasikika mbali, lakini santuri huwezi kuitunza, lazima mtu awe mbele yako. Sasa nyie mnafunga kamba mnairudisha taarabu jumbani. Muuza vyungu angekuja Kigoma usiku ule na harufu ya moshi wa tanuri kwenye kanga yake, yule kijana angempitisha?

Nilimfuata mwandaaji getini. Alinijibu huku anahesabu hela, hakuinua uso. "Dada, ni usalama wa wasanii."

Nitasema haki. Walevi wapo, na wapo wanaume wanaopanda jukwaani kwa kisingizio cha kutunza wakawashika waimbaji wa kike mahali pasipostahili. Nimeshaona kwa macho yangu. Kwa hilo kamba naielewa, na nilipofika nyumbani nilikuwa karibu kuwasamehe. Lakini weka binti mmoja pale awapandishe watu mmoja mmoja, kazi imekwisha. Na hata usipoweka, salamu kwa mtu mzima inagharimu nini? Hapana, nimekumbuka walivyocheka, siwasamehe.

Ila muziki. Hapa ndipo ninapojipinga mwenyewe. Yule mwanamama ana sauti ambayo spika haziitendei haki, kuna mahali aliishusha chini kabisa, mpiga kinanda akaachia, ukumbi mzima hata kuku wakasahaulika, na mama akanishika mkono akaubana mpaka wimbo ulipokwisha. Kwa dakika zile 10,000 yangu ni halali yao, ningetoa hata zaidi. Kwa hiyo "usiende" ya pale juu, sijui. Nenda, lakini usimpeleke mama yako. Au mpeleke, na ukae karibu na ile kamba wewe mwenyewe.

Nimepiga namba iliyokuwa kwenye tangazo mara mbili. Ya kwanza ilikatwa. Ya pili mtu akasema atauliza, hajarudi.

Mama anauliza bado kama ilifika. Nilimwambia wakija tena nitamkatia VIP, awe ng'ambo ya kamba. Akakataa. Anasema kule mbele hawachezi.