Gulio la That Phanom, ukingoni mwa Mekong: nenda Jumatatu au Alhamisi, na uwahi

Nilifika That Phanom, mji wa Thailand unaotazamana na Laos ng'ambo ya mto, Jumatano saa nane mchana, begi mgongoni na hamu ya soko tele, nikakuta eneo tupu, mbwa wawili wamelala kivulini na mama mmoja anafagia majani. Nyumba ya wageni niliyolala usiku wa kuamkia hapo, mjini Nakhon Phanom, waliniambia soko lipo kila siku. Halipo. Ni gulio, na siku zake ni mbili tu, Jumatatu na Alhamisi, tangu asubuhi hadi adhuhuri. Hata usiposoma mengine yote, shika hilo.

Basi nikalala. Mji ni mdogo na umetulia, na una hekalu lenye mnara mweupe wa nakshi za dhahabu, mrefu kupita mita 50, ambao watu wa Thailand na wa Laos wote wanakuja kuuzuru. Mnara huo ulianguka mzima Agosti 1975 baada ya mvua kubwa, ukajengwa tena na kumalizika 1979. Nilikaa pale hadi magharibi, nikanywa maji baridi, nikapunguza hasira.

Usafiri kwanza. Kutoka Nakhon Phanom ni kama kilomita 50, barabara inafuatana na mto. Nilipanda songthaew, pikapu yenye mabenchi mawili nyuma. Waliokulia Dar zamani wanaijua: ni chai maharage ile ile, magoti yanagongana na kuku yuko miguuni.

Alhamisi saa moja na nusu nilikuwa mtoni. Ilikuwa Machi, maji yamepungua, mchanga umejitokeza katikati ya Mekong, na ng'ambo ya Laos unaona miti na mabati ya nyumba bila kukaza macho. Mashua zinakuja moja moja. Wanawake wanashuka, wanapanda ngazi za ukingo na mizegazega mabegani, kikapu mbele na kikapu nyuma, wakitembea kwa kudundadunda kidogo ili mzigo usiyumbe. Wakifika juu wanatandika nailoni chini na kupanga mafungu. Mafungu kabisa, kama nyanya za Kariakoo: hapa machipukizi ya mianzi, pale mizizi ya dawa, majani ya porini, fagio za nyasi laini, vikapu vidogo vya kuwekea wali wa kunata.

Nyuma yao, kwenye meza zenye miavuli, ndiko waliko Wathai na ndoo za plastiki, sabuni za unga, ndala na biskuti. Ukisimama saa nzima unaielewa biashara yote: vya porini vinapanda ngazi, vya kiwandani vinashuka. Mama aliyeuza mianzi asubuhi, saa tano anapatana bei ya sabuni.

Kilichonishangaza kuliko vyote kilikuwa kwenye bakuli. Niliona kitu cheupe, kama punje nene za mchele, nikainama. Mayai ya sisimizi maji moto! Wale wale wekundu wanaoshona majani ya mwembe na kukutimua ukipanda kuiba maembe. Wa kule ni ndugu wa damu wa hawa wetu. Kwa kweli vingi ni vifukofuko na mabuu, lakini kila mtu anasema mayai. Wanatoboa kiota kwa mti mrefu, vinamwagikia kwenye kikapu, na vinauzwa ghali kuliko nyama. Nilinunua kikombe kimoja kwa baht 100 (baht moja ilikuwa kama shilingi 70 na kitu za Tanzania), nikampelekea mama wa mgahawa jirani akanikaangia na mayai ya kuku. Yanapasuka mdomoni, yana uchachu kidogo kama wa ndimu. Nimekula utoto wangu wote maembe ya mti wenye viota hivyo, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Sasa lugha. Bangkok nilikuwa nimekariri namba za Kithai, ishirini ni *yi-sip*. Niliposhika fagio mama Mlaosi akasema *sao*, akanionyesha vidole viwili. Nikadhani anasema mia mbili, nikaondoka zangu. Mthai wa meza ya nyuma akacheka, akanirudisha: *sao* ni ishirini, na yeye mwenyewe nyumbani husema hivyo. Upande wote huo wa Thailand, wanaouita Isan, watu wanazungumza lugha moja na wa ng'ambo, tena waneni wake wa Isan ni wengi kuliko wa Laos yenyewe. Ni mwaka 1893 ndipo Siam, jina la zamani la Thailand, ilipolazimishwa kuwaachia Wafaransa ukingo wa mashariki, na mto uliokuwa njia ukawa mpaka. Kwa hiyo pale ongea Kilaosi: *thao dai* ni bei gani, *lut dai bo* ni punguza basi. Ukitamka vibaya watacheka, halafu watapunguza. Bei nzuri zaidi ni karibu na saa sita, mashua zinapojiandaa kurudi na hakuna anayetaka kubeba mzigo tena. Lakini saa hiyo vizuri vimeshaondoka.

Mabaya yapo. Kuna samaki waliovundikwa kwa chumvi na pumba za mchele, na harufu yake inakaa kwenye nguo siku mbili. Kuna nyama za wanyama wadogo wa porini, sikupenda kuziona. Beba noti ndogo. Na usipange kuvuka: kivuko cha pale ni cha raia wa Thailand na Laos pekee. Mgeni anarudi Nakhon Phanom na kupita kwa basi daraja la tatu la urafiki, lile lililofunguliwa 11 Novemba 2011, akatokee Thakhek, upande wa Laos. Mimi nilibaki nimesimama gatini, nakodolea macho nchi iliyo umbali wa kurusha sauti.

Natoa nyota nne. Ya tano ilikuwa ya Jumatano yangu iliyopotea, ingawa soko lenyewe halina kosa. Kama unatafuta fulana na vishikizo vya funguo, usijisumbue.

Mwisho nilinunua asali, imetiwa kwenye chupa ya pombe iliyotumika, baht 150. Kule wanaamini ya kipindi hicho cha kiangazi ndiyo asali. Mama alinionyesha kitu kwa vidole, anazungusha kizibo hivi, kisha anakirudisha kidogo. Nikadhani ananihimiza nikaze. Nikakaza kwa nguvu zote. Basi la usiku lilipokaribia Bangkok kizibo kiliruka ndani ya begi: asali mbichi ile ilikuwa inachachuka na kutaka kupumua. Asubuhi nilipofungua, fagio imegandamana na shati la harusi ya rafiki yangu, na sisimizi wameshafika.