Uzoefu wangu wa sak yant, tatuu takatifu ya Kithai, Bangkok: mchoro nimeupata, masharti nilipewa nusu

Nimesubiri miezi minane ndipo niandike, maana kabla sijakwenda niliyoyasoma yote yaliandikwa na watu ambao tatuu yao bado inawawasha mgongoni.

Mimi ni mfanyabiashara wa nguo Kariakoo. Mara mbili kwa mwaka nafuata mzigo Pratunam, soko la nguo la Bangkok, na kila nikipanda teksi Bangkok naona shingo ya dereva imejaa vijiandishi vimejipanga kama siafu. Hiyo ndiyo sak yant. Maneno ni ya Kipali, lugha ya maandiko ya Kibuddha, lakini yanaandikwa kwa herufi za Khom, herufi za kale za Wakhmer (watu wa Kambodia), kwa hiyo hata Mthailand wa kawaida hawezi kuyasoma. Wanajeshi wanazo, mabondia wanazo, wahuni wanazo. Wageni wengi wanaijua kwa sababu ya mwigizaji Angelina Jolie, aliyechorwa mistari mitano begani mwaka 2003.

Nilitaka hiyo hiyo mistari mitano, hah taew. Wa kwanza unalinda makazi, wa pili unageuza nyota mbaya, wa tatu unazuia uchawi, wa nne ni bahati, wa tano mvuto. Mtu mwenye fremu Kariakoo akishasikia wa tatu na wa nne, anauliza bei tu.

Na bei ndiyo iliyoniumiza kuliko sindano. Dalali wa jirani na hoteli aliniuzia kifurushi cha baht 9,000 (fedha ya Thailand): gari, sadaka na mkalimani. Kumbe mwenyeji aliyekaa mbele yangu kwenye foleni alitoa 3,000 kwa mchoro ule ule. Ungeweza pia kwenda hekalu la Wat Bang Phra, mkoa wa Nakhon Pathom, kama kilomita 50 magharibi ya Bangkok. Huko unanunua maua, udi na sigara za sadaka, unakaa chini unangoja zamu. Ila watawa wa Kibuddha hawamgusi mwanamke kwa mkono mtupu, nami nilitaka kuchagua mchoro wangu, nikaona bora niende kwa ajarn, mwalimu wa uraiani. (Kila Machi pale hekaluni wenye tatuu hukusanyika kumheshimu mwalimu. Watu wanapandisha, wananguruma kama chui milia, wanakimbilia madhabahuni. Video nilizoziona zilinikumbusha ngoma ya pepo.)

Siku yenyewe: wasaidizi wawili wanakuvuta ngozi, ajarn ana fimbo ndefu ya chuma yenye ncha, anadonoa kama fundi cherehani aliyezidiwa na nguo za Idi. Dakika 25 tu. Hakikisha sindano inafunguliwa mbele yako, na wino umiminiwe kwenye kikopo kipya. Homa ya ini na Ukimwi havijali kwamba mchoro ni mtakatifu. Nilisisitiza, msaidizi akanuna, lakini akabadilisha.

Alipomaliza akanuizia maneno na kunipuliza mgongoni. Hapo machozi yalinitoka, na si kwa maumivu. Bibi yangu mzaa mama, Mmakonde wa Newala, alikuwa na nembo usoni, na alipokuwa akituombea alikuwa anatupuliza hivyo hivyo utosini. Sikutegemea kukutana naye Bangkok.

Kwa wenye ngozi nyeusi kama mimi: mwambie aachie nafasi kati ya herufi. Zangu za mstari wa nne zimeanza kushikana, na pembeni pameota kovu la kuvimba. Kama ulitoga masikio yakaota manundu, fikiria mara mbili.

Sasa masharti. Mkalimani alinitajia matano: usiue, usiibe, usizini, usiseme uongo, usilewe. Nikaitikia. Karatasi niliyopewa ilikuwa ya Kithai, nikaitia kwenye pochi. Safari iliyofuata, dada anayeniuzia jinzi Pratunam ndiye aliyenisomea yaliyobaki. Usimtukane mtu mama yake. Usile boga. Usipite chini ya kamba ya kuanikia nguo. Usile chakula cha msiba wala cha harusi. Ukivunja, nguvu inalala mpaka ajarn akunuizie upya. Jamani, mimi naishi Temeke! Ua letu lina kamba nne, na choo kiko upande wa pili.

Kama inafanya kazi? Mauzo ni yale yale. Kilichobadilika ni mdomo. Zamani nilikuwa namwambia mteja "hii bei ya kununulia, mama, sipati hata mia," huku napata elfu nane. Sasa neno likifika ulimini nakumbuka sharti la nne, nanyamaza. Wateja wawili watatu nimewakosa kwa kunyamaza huko.

Ajarn nampa nyota nne. Dalali nampa moja, na hiyo ni kwa sababu ya kiyoyozi cha gari.

Jumamosi iliyopita tulikuwa msibani Mbagala. Nilikaa mbali na sinia, shangazi akaniona: "Mwanangu, umeanza kututenga?" Nikanawa mikono, nikala wali na nyama mpaka nikashiba. Mwezi wa nane nafuata mzigo. Nitapita kwa ajarn anipulize tena, na mkalimani nitakwenda naye yule dada wa jinzi.