Reli mpya za milango ya kabati: nilivyozisaka Kariakoo hadi Keko

Kabati lenyewe ni mtumba. Nililinunua 2018 kwa jamaa aliyekuwa akishusha kontena la samani kutoka Uingereza: milango miwili ya kusukuma pembeni, mmoja una kioo kuanzia juu hadi chini. Kusema kweli nilikipenda kioo, kabati likaja tu kama nyongeza. Miaka sita milango ikatembea bila shida. Kisha reli ya chini, ambayo kumbe ilikuwa ya plastiki, ikapasuka katikati, na kila asubuhi mlango wa kioo ukawa unafika pale penye ufa, unaruka, unakaa upande.

"Mama Neema, ng'oa hiyo milango tuweke pazia," mume wangu akasema. Nikamwambia kwenye kabati langu pazia halikai.

Nikaenda Kariakoo nikidhani ni kazi ya nusu saa. Duka la kwanza la vifaa vya ujenzi nikaomba reli ya kabati la kuslaidi, kijana akanitolea reli za droo. Duka la pili nikatolewa reli za pazia (mume wangu angefurahi). La tatu wakaniuliza, "Ya kampuni gani?" Nami kwenye kabati zima sioni hata herufi moja. Nilipigwa jua mpaka nikafika kwenye kiduka chembamba cha mzee mmoja, ukutani ametundika vitasa na bawaba tupu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na tairi?"

Sikuwa nalo. Nilikuwa na picha ya kabati kwenye simu.

"Picha ya kabati hainisaidii. Kalifungue tairi, uje nalo. Reli inafuata tairi."

Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo yaliyoniokoa, na ningeyapata mapema ningepunguza nauli. Mafundi wanaita tairi kile kigurudumu kidogo kilichofichwa chini ya mlango. Yapo ya namna mbili. Moja lina mfereji kuzunguka ukingo wake, kama kapi ya kisimani, na hilo hupanda juu ya mgongo wa reli. Jingine ukingo wake umevimba au uko bapa, na hilo hutumbukia ndani ya mfereji wa reli. Ukinunua reli ya mgongo na tairi lako ni la kutumbukia, umenunua chuma chakavu.

Kuutoa mlango kunahitaji watu wawili. Mnausukuma kwenda juu, kwa sababu ncha yake ya juu imeingia kwenye mfereji wenye nafasi ya ziada, kisha mnavuta upande wa chini kuelekea kwenu. Msifanye mkiwa na ndala. Tairi langu lilikuwa la mfereji, na upande mmoja lilishalika likawa bapa, ndiyo maana mlango ulikuwa unagonga hata kabla reli haijapasuka. Kumbe ugonjwa ulikuwa wa wawili.

Hapa ndipo nilipokosea. Badala ya kurudi kwa yule mzee nikapita kwa mafundi aluminiamu wa mtaani kwetu Tabata. Kijana akatazama tairi, akacheka. "Mama, hii ni dirisha tu. Tunakuwekea reli ya dirisha, imeisha hiyo." Na kweli, tairi lilikaa juu ya mgongo wa reli ya dirisha vizuri kabisa. Nikalipa elfu 22, tukaifunga jioni ileile.

Milango ikasimama kama mlevi aliyeegemea ukuta. Nikachukua rula ya shule ya Neema nikapima. Reli ya zamani, kutoka mgongo mmoja hadi wa pili ni milimita 26. Ya dirisha ni 40. Maana yake mlango wa mbele chini umesogea nje milimita 14, wakati juu bado umeshikwa palepale. Ubao wangu una unene wa milimita 16, kwa hiyo ile 26 ilikuwa inaacha upenyo wa milimita 10 kati ya mlango na mlango, basi, hakuna zaidi. Kijana akapendekeza tubadilishe na mfereji wa juu. Nikaona isiwe tabu, nikamshukuru, nikafungua reli yake nikaiweka uvunguni. Bado iko huko.

Jumamosi iliyofuata nikarudi kwa mzee na tairi mkononi, na kipande cha reli iliyovunjika kwenye mfuko wa rambo. Akakitazama, akasema reli pacha yenye 26 asinidanganye, sitaipata. Nitafute reli za mgongo mmoja mmoja, mbili, halafu fundi azipange kwa umbali ninaoutaka mimi. Yeye hakuwa nazo. Akanielekeza Keko, kule kwenye mafundi wa samani, kwa sababu wao wanatengeneza makabati ya ukutani kila siku na wauzaji wa vifaa wamewafuata.

Keko nikazipata kwenye duka la pili. Reli za aluminiamu, mgongo mmoja, zimekatwa mita mbili mbili, elfu 18 kila moja. Matairi yalikuwapo ya aina mbili, na muuzaji akataka kunipa ya bei ndogo. Kwenye pakiti yameandikwa mlango usizidi kilo 25. Nikamwomba kalamu. Kioo cha milimita 4 kina kilo 10 kwa mita moja ya mraba, na changu ni karibu mita 1.8 za mraba, kwa hiyo kioo peke yake ni kilo 18. Ubao wa MDF (ule wa unga wa mbao ulioshindiliwa) wa milimita 16 ni kama kilo 12 kwa mita ya mraba, weka kilo nyingine 21 na ushee. Mlango unakaribia kilo 40! Nikachukua matairi ya kilo 50, ya nailoni yenye bearingi ndani, manne kwa elfu 28. Ukiwa na mlango wa kioo usibanie hapo, kwa sababu tairi likizidiwa linakuwa bapa na mchezo unaanza upya.

Mita mbili za aluminiamu huwezi kupanda nazo mwendokasi watu wakakutazama vizuri. Bajaji, elfu 10, reli zikiwa zimechungulia nje kama fimbo za uvuvi.

Fundi niliyempata Keko alikuja kesho yake, kijana mpole, mkono wake msafi. Alikata reli kwa msumeno wa chuma zikabaki mita 1.8, akapiga msasa kwenye ncha. Kupanga ule umbali wa 26 alifanya jambo ambalo sikulitarajia: alikata vijiti vitatu vya mbao vyenye upana mmoja, akavilaza kati ya reli mbili, kushoto, katikati na kulia, akazibana reli dhidi yake ndipo akazifunga. Futi kamba hakuigusa hata mara moja.

Shida ikaja kwenye kimo. Reli mpya ni ndefu kwenda juu kuliko ya zamani kwa milimita 3, na tairi jipya limejitokeza chini ya mlango milimita 4 zaidi. Nafasi ya kuunyanyua mlango ndani ya mfereji wa juu ilikuwa sentimita moja tu, sasa zimebaki milimita 3, na mlango haupiti juu ya mgongo wa reli. Nikawaza pazia. Fundi akageuza mlango, akaonyesha skrubu ndogo ubavuni mwa tairi. Ukiizungusha, tairi linazama ndani au linatoka. Akayazamisha yote hadi mwisho, akauingiza mlango, kisha akayatoa kidogo kidogo kwa bisibisi mpaka mlango ukasimama sambamba na ubavu wa kabati. Kwa hiyo mkienda dukani ulizeni kama tairi lina skrubu ya kurekebisha. Yasiyo nayo yana bei nafuu, na kwenye kabati kama langu yasingeingia kabisa.

Matundu ya skrubu za zamani yalikuwa yamelegea, ubao wa unga ukishachoka haushiki. Akajaza njiti za kiberiti na gundi ya mbao, akasubiri, akafunga. Yameshika mpaka leo.

Kosa lake ni moja. Reli alizifunga kwa skrubu za kichwa cha mviringo, na zile za upande wa ndani zilikuwa zinagusa nyumba ya tairi. Alipoondoka usiku ule nikavuta mlango: tak, tak, tak, tak. Skrubu nne, milio minne. Nilimpigia, akarudi bila kinyongo, akapanua matundu kwa ncha nene ya drili na kuweka skrubu za kichwa bapa zinazolala ndani ya aluminiamu. Hakuniongezea bei. Elfu 30 yake ileile.

Jumla ni laki moja na elfu nne, au laki na elfu 26 ukiingiza ule ujinga wa dirisha. Kwa kabati jipya la ukubwa huu pesa hiyo haitoshi hata milango.

Sasa ni miezi minane. Reli hazijapinda, matairi hayana sauti, na Neema anafungua kwa kidole kimoja, kitu ambacho zamani hakuweza. Vumbi ndilo adui. Napitisha brashi ya rangi kuukuu kila wiki mbili na kusugua mshumaa juu ya mgongo wa reli. Mafuta ya kula au ya cherehani msiweke, yanashika mchanga yakawa tope. Reli nazipa nyota tano, matairi tano, fundi nne kwa sababu ya zile tak tak. Yule mzee wa vitasa hakuniuzia kitu, kwa hiyo nilimrudia mwezi uliopita nikanunua kitasa ambacho sikukihitaji.

Kilichobaki ni mlango wa kioo kujisogeza wenyewe kwenda kushoto usiku, taratibu, maana sakafu yangu ina mteremko. Fundi anakuja Jumamosi kuinua miguu ya upande ule kwa kibao.