Taa ya jukwaa iliyokataa kugeuka kulia: uzoefu wangu na fundi wa Luthuli Avenue

Kazi yangu ni kukodisha taa na vyombo vya sauti hapa Nairobi, sanasana kwa harusi na mikutano ya makanisa. Katika seti yangu ya taa zenye vichwa vinavyogeuka, moja ilianza kunisumbua vibaya. Ukiiwasha, inajipanga vizuri. Inainama na kuinuka bila shida. Lakini ikiambiwa igeuke kulia, kichwa kinatetemeka, kinanguruma, halafu kinapoteza mahali pake. Wenzake wakimulika maharusi, yenyewe inamulika hema, na baadaye skrini inaandika "Pan error", yaani kosa la kugeuka.

Duka nililoanzia walisoma ile skrini tu, wakaniambia mota imekufa na ninunue nyingine. Hawakufungua hata skrubu moja, na bei waliyotaja ilinikasirisha. Nikabeba taa yangu nikaondoka.

Mwenzangu wa kazi ndiye aliyenielekeza kwa fundi mmoja mwenye kachumba ghorofani, Luthuli Avenue. Kabla hajashika bisibisi aliniuliza: inasumbua ikiwa baridi au ikishapata moto? Pande zote au upande mmoja? Nilipomwambia ni kulia tu, akasema, "Boss, mota mbovu haichagui upande."

Alianza kwa kuchomoa kebo ya DMX, ile inayoiletea taa amri, na kuiacha taa icheze programu yake ya ndani. Ikatetemeka vilevile, kwa hiyo kosa halikuwa kwenye amri hizo wala kwenye ule mwisho wa laini ambapo huwa tunafunga rezista ya ohm 120 kati ya pini ya 2 na ya 3 ili amri zisirudi nyuma. Taa ikitulia ukichomoa kebo, hangaika na kebo, mota iache. Kisha akakagua mkanda na meno yake, akafuta vumbi kwenye sensa na kile kisumaku kinachoionyesha taa nyumbani kwake ni wapi. Huko hakukuwa na neno.

Jaribio lililofuata ndilo lililonifanya nimwamini. Alizima umeme kabisa, akabadilishana plagi za mota mbili pale kwenye bodi ya saketi, ya kugeuka ikakaa penye ya kuinama. Alisisitiza umeme uzimwe kwanza, kwa sababu ukichomoa mota ikiwa na umeme unaweza kuua chipu inayoiendesha. Alipowasha, mota ileile ikaendelea kutetemeka ingawa sasa iliendeshwa na chipu nyingine. Bodi ikawa imeponea. Ikabaki mota au waya zake.

Mota hizi zina koili mbili, waya nne. Alizima tena umeme, akazirudisha plagi mahali pake, akachomoa ile ya kugeuka na kuweka mita ya kupimia umeme. Koili zote mbili zikasoma sawasawa. Hapo wengi wangekata tamaa. Yeye aliacha mita kwenye koili moja na kuanza kukigeuza kichwa kwa mkono, polepole sana, kuelekea kulia. Tulipofika karibu na mwisho, namba ikaruka, mita ikasoma kama waya umekatwa. Akarudisha kidogo, namba ikarudi.

Waya ulikuwa umevunjika ndani ya ganda lake, pale unapopita katikati ya mhimili. Kichwa cha taa hii kinazunguka nyuzi 540, yaani duara moja na nusu, na kila kikigeuka waya hizo zinajisokota. Koili moja ikikatika, mota inabaki kutikisika tu, haina nguvu ya kusonga. Alibadilisha waya zote nne kwa zile laini zenye nyuzi nyingi nyembamba, akaacha nafasi ya kujisokota, akafunga vizuri.

Nililipa chini ya nusu ya bei ya ile mota niliyotaka kuuziwa. Taa imeshafanya kazi usiku kucha kwenye harusi mtaani Karen, ikigeuka huku na huku bila kupotea.

Kasoro zipo. Chumba ni kidogo na foleni ni ndefu mchana, kwa hiyo fika asubuhi. Risiti hatoi mpaka uombe, na dhamana ni ya mdomo. Mimi nilimwomba aandike kazi aliyofanya nyuma ya risiti, akaandika bila kununa. Nina taa nyingine mbili ambazo mikanda yake imelegea, nazo nampelekea kabla harusi za Desemba hazijaanza.