Vidonge vya bakteria wa tumbo: nilitaka kuwapa nyota tatu

Kopo limeandikwa kwa herufi nene: "Bakteria hai bilioni 50. Rudisha umetaboli wa ujanani." Yaani mwili ugeuze chakula kuwa nguvu kama zamani. Mimi nimeshavuka sitini, ujana siutaki tena, nilitaka tu tumbo litulie. La kwanza nilimaliza bila neno. La pili lilinifikia likiwa la moto, vidonge vimeshikana donge moja. Nikapiga simu kuuliza: hawa bado wako hai? Na ni aina gani hasa?

Kijana wa huduma kwa wateja akacheka. Alicheka! "Mama, bakteria ni bakteria tu. Kwa umri wako shukuru unapata choo."

Bakteria ni bakteria tu? Jina lao kamili lina sehemu tatu, mfano Lactobacillus rhamnosus GG. Hiyo GG ya mwishoni ndiyo inayokuonyesha ni ukoo upi, yaani aina ndogo ndani ya spishi moja, uliofanyiwa utafiti, na faida ya ukoo mmoja huwezi kumbandika mwingine. Kopo lao limeishia "Lactobacillus", basi. Ni sawa na kutafuta fundi ukaambiwa anaitwa "mtu". Halafu pale chini, kwa maandishi ya kutafutia miwani, zile bilioni 50 ni za "wakati wa kutengenezwa". Siku ya kumeza wamebaki wangapi, hakuna anayesema, na joto linawaua.

Sayansi yenyewe siikatai. Bifidobakteria, kundi la bakteria wazuri wa tumboni, hupungua kadiri tunavyozeeka, hilo linajulikana. Na bakteria wakichachusha nyuzinyuzi hutoa butireti, ambayo ndiyo chakula cha seli za utumbo mpana. Lakini toka hapo hadi "umetaboli wa ujanani" ni mbali mno! Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walionyesha kwamba kwa baadhi ya watu bakteria wa kumeza hupita tu, hawaweki makazi. Hilo kopo halisemi.

Haya, haki yao niwape: kopo la kwanza lilinifaa. Gesi ilipungua, choo kikawa laini. Au ni zile nyuzinyuzi nilizoongeza kipindi hichohicho? Inawezekana. Nyota tatu, basi.

Ila kile kicheko nikikikumbuka… mbili. Na hela ya kopo la pili mpaka leo hawajarudisha. Moja.